Askari Wetu wa Burma: Jina Lisiloandikwa Halidai

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kachibora)



Kamati imeona vema leo tusianze na habari za ada wala za mishahara, bali tuwataje kwanza watu ambao hawawezi kuja mkutanoni. Hao ni askari wa Keya, yaani King's African Rifles, waliokufa katika vita vya Burma mwaka 1944. Wazee wengi wa Trans Nzoia na Bungoma wamekwisha kusikia mtu akisema, "Babu alikwenda Burma," na habari ikaishia hapo. Leo twataka isiishie hapo.

Katika Vita Kuu ya Pili, karibu Waafrika laki moja wa Kenya walivaa nguo za jeshi. Wako waliokwenda kwa hiari, kwa kuwa mshahara wa askari ulipita ule wa kibarua. Wako pia waliokwenda kwa sababu chifu aliambiwa atoe watu, naye akawatoa. Wengi wao walitiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru. Humo mlikuwa na watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Northern Rhodesia. Hawakuwa na lugha moja ya mama, lakini walisemezana kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili walipeana amri na kufarijiana.

Burma ni nchi iliyo upande wa mashariki wa India. Wajapani waliiteka mwaka 1942. Mwaka 1944 wakavuka mpaka kuingia India, wakapigana mpaka Imphal na Kohima, wakashindwa, wakaanza kurudi nyuma. Ilipofika mwezi wa Agosti mwaka huo, Divisheni ya 11 ikapewa kazi ya kuwafuata kupitia bonde la Kabaw, kutoka Tamu mpaka Kalewa, penye mto Chindwin. Ni mwendo wa maili zinazokaribia mia.

Bonde hilo Waingereza wenyewe waliliita Bonde la Mauti. Wakimbizi wengi walikuwa wamekufa humo mwaka 1942, na mbu wake waliogopwa kama risasi. Tena kazi ile ilifanywa katika majira ya mvua kubwa. Ninyi mnalijua tope la barabara zetu mwezi wa Agosti, trekta linapokwama na watu kuitwa walisukume. Basi, fikirini tope la namna hiyo kwa miezi, tena msituni, na adui amejichimbia kilimani anakungoja. Lori zilizama. Chakula na risasi vilidondoshwa kwa ndege. Majeruhi walichukuliwa kwa machela juu ya mabega ya wenzao. Malaria na homa nyingine ziliangusha watu wengi ambao Wajapani hawakuwagusa.

Pamoja na hayo, walikwenda. Kilima kwa kilima waliwatoa Wajapani katika mashimo yao. Katikati ya Novemba walifika Kalemyo, wakakutana na askari wa India waliokuwa wakishuka kwa njia nyingine. Tarehe 2 Desemba 1944 Kalewa ikatwaliwa. Siku chache baadaye likajengwa daraja la chuma juu ya mto Chindwin, lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100, na jeshi la General Slim likapita kwenda Mandalay na Rangoon. Njia ya daraja lile ilifunguliwa na watu wa kwetu, na wengine wao wamelala huko mpaka leo.

Wako na wengine ambao hata Burma hawakufika. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Ceylon, imechukua watu zaidi ya 1,500. Ndani yake mlikuwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na pia wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Kijapani iliipiga, ikazama katika muda wa dakika mbili tu. Watu 1,297 walikufa. Askari waliokuwa chini, katika vyumba vya ndani, hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi.

Sasa, ndugu, na tutazame nyumbani siku zile zile. Mwaka 1942 Serikali ya Kikoloni ilitoa amri ya kuwakamata watu na kuwapeleka kufanya kazi kwa lazima katika mashamba ya walowezi, kwa kuwa mahindi, ngano na katani vilihesabiwa kuwa kazi ya vita. Kwa hiyo kaka aliweza kuwa Burma akipigania uhuru wa watu wengine, na mdogo wake akawa shambani kwa amri, hana ruhusa ya kuondoka. Sisi watu wa mashamba tusilisahau jambo hili. Jembe na bunduki vilishikwa kwa amri moja.

Vita vikaisha mwaka 1945. Askari wakarudishwa. Walipewa nini? Bahashishi ya Mwafrika kwa kila mwezi wa vita ilikuwa karibu theluthi moja ya ile ya Mzungu wa cheo kile kile katika majeshi yale yale ya Afrika. Tope lilikuwa moja, na risasi zilikuwa zile zile, lakini malipo yalifuata rangi ya ngozi. Tena likawapo neno la ardhi. Baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919, mashamba makubwa yaligawiwa askari wa Kizungu, na Trans Nzoia ni mojawapo ya wilaya zilizokatwa vipande hivyo. Baada ya vita vya pili walowezi wapya, wengi wao askari, walisaidiwa tena kupata mashamba. Askari Mwafrika alirudi akakuta sheria ya mwaka 1937 bado ina nguvu, sheria iliyowapa walowezi uwezo wa kupunguza ng'ombe wa skwota na kumwongezea siku za kazi. Mtu aliyesaidia kufungua njia ya kwenda Mandalay hakuruhusiwa kulima ekari moja yake mwenyewe hapa.

Wengine hawakukubali. Bildad Kaggia alikuwa askari katika vita vile, naye aliporudi akaingia katika vyama vya wafanya kazi, akawaongoza makarani na wafanya kazi wa biashara Nairobi. Waruhiu Itote alikuwa Burma, baadaye akajulikana kama General China. Watu hawa waliona vitani kwamba Mzungu naye huogopa, huugua na hufa, na kwamba Mwafrika akifundishwa anaweza kazi yoyote. Elimu hiyo haikuandikwa katika hati ya kuachishwa jeshi, lakini ilirudi nayo nyumbani.

Twataka sasa tuseme jambo moja ambalo ndilo shabaha ya maneno haya. Tazameni wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale wa Carrier Corps, ambao Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimechukua jina lao. Walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na mizigo. Daftari zao zilikuwa mbaya. Mpagazi akifa, mara nyingi haikujulikana baba yake ni nani wala kijiji chake ni kipi. Mshahara wake ukabaki kwa Serikali, kwa kuwa eti mwenyewe haonekani. Fedha hizo zilibishaniwa miaka mingi kati ya Nairobi na London, wala hazikuwafikia wajane na watoto. Mwaka 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Waliokufa Burma walipata nafuu kidogo. Katika makaburi ya Taukkyan, karibu na Rangoon, yameandikwa majina ya karibu watu 27,000 wasio na kaburi linalojulikana, na Waafrika wamo. Lakini ni nani katika sisi atakayepata nauli ya kwenda kuyasoma?

Jina lisiloandikwa halidai. Ndiyo maana chama kina daftari. Ndiyo maana kila siku twawaambia kibarua asikubali kazi ya mdomo, na atunze karatasi yake ya malipo kama anavyotunza mbegu. Mtu asiyeonekana katika orodha akiumia kwenye mashine, akifa barabarani juu ya trekta, ataambiwa hakuwapo. Mpagazi aliambiwa hivyo kabla yetu.

Kwa hiyo kamati yaomba mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aulize nyumbani kwake kabla wazee hawajatutoka: nani alikwenda vitani, alikuwa kikosi gani, alirudi au hakurudi. Kama iko medali, barua au picha, isitupwe. Pili, majina hayo yaletwe kwa katibu wa tawi, yaandikwe katika kitabu kimoja, bila kutazama kabila: Mbukusu, Mnandi, Msengwer, Mpokot, Mturkana, Mkikuyu, wote. Huko Burma hawakuzikwa kwa makabila. Tatu, yeyote ambaye bado anafanya kazi bila karatasi asiondoke leo kabla hajaonana na katibu.

Hatuwasifu askari hawa ili tuwafundishe vijana kupenda vita. Vita vile havikuwa vyao. Twawasifu kwa kuwa walichukuana mabegani katika matope wala hawakuachana, na kwa kuwa walistahili malipo kamili ya kazi waliyoifanya.

Sasa na tusimame wote, tuvue kofia, tunyamaze kwa dakika moja. Kisha katibu atafungua kitabu, na mwenye jina alitaje.

Umoja ni nguvu.