Kupima Kina cha Nusukaputi na Utulizaji: Namba Moja Haitoshi

Utangulizi

Mgonjwa anayelazwa mezani anatarajia mambo mawili: asisikie kisu, na aamke salama. Dawa ikizidi, presha hushuka na pumzi hukatika. Ikipungua, huenda akawa na fahamu ilhali dawa ya kulegeza misuli imemfunga asiweze hata kutikisa kidole. Uchunguzi wa Uingereza na Ayalandi uliotolewa mwaka 2014 ulipata taarifa moja ya mgonjwa kuwa na fahamu katika takriban nusukaputi 19,000. Kwa upasuaji wa kujifungua, ilikuwa moja katika takriban 670, kwani kisu huanza mara tu mama anapolala, dawa haijakolea.

Vipimo na mitego yake

Kifaa cha BIS husoma umeme wa ubongo kupitia vibandiko vya kwenye paji la uso, kisha hutoa namba kati ya 0 na 100. Kwa nusukaputi hulengwa 40 hadi 60. Lakini ketamini, dawa tunayoitegemea sana katika hospitali za wilaya, haishushi namba hiyo. Mgonjwa hulala macho wazi, yakichezacheza, hasikii maumivu, na namba iko juu. Anayeifuata ataongeza dawa isiyohitajika. Upande wa pili, watu waliojitolea kulegezwa misuli wakiwa macho kabisa, namba yao ilishuka kana kwamba wamelala.

Kwa gesi kama isoflureni, kiwango kinachopimwa katika hewa anayotoa mgonjwa ni mwongozo mzuri. Utafiti wa mwaka 2011 kwa wagonjwa walio katika hatari kubwa haukuonyesha kwamba BIS inaushinda.

Utulizaji nje ya chumba cha upasuaji

Mgonjwa wa endoskopi aliyetulizwa kiasi huitika akiitwa au akiguswa begani. Akibaki kuvuta mkono tu anapofinywa, huko si kuitika, amekwisha zama. Tahadhari nyingine ni oksijeni ya puani: kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha 99 kwa dakika kadhaa ilhali mgonjwa hapumui. Kapnografu, kifaa kinachopima kaboni dioksidi katika pumzi, huonyesha mara moja, mstari ukilala. Pasipo nayo, tazama kifua na weka stetoskopu shingoni.

Mapendekezo

1. Anayetuliza asiwe yule anayefanya kipimo au upasuaji, na aweze kumwokoa mgonjwa akizama kuliko ilivyokusudiwa.
2. Pumzi, mapigo, presha, oksijeni na mwitikio viandikwe kila baada ya dakika 5.
3. Dawa ya kulegeza misuli itolewe pale inapohitajika tu, na isitumike kumnyamazisha mgonjwa anayejitikisa kwa usingizi mwepesi.
4. Baada ya operesheni mgonjwa aulizwe: unakumbuka nini mwisho kabla ya kulala, nini kwanza ulipoamka, na kati ya hapo je? Akisema alisikia, aaminiwe, na iandikwe kwenye faili.