Baba Anamrithisha Nini Mwanawe?

(Nasaha iliyotolewa baada ya Sala ya Ijumaa, Kizimbani, Unguja)

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.



Leo napenda tukumbushane jambo moja. Baba anapoondoka duniani, ni kitu gani hasa anachomwachia mwanawe? Wengi wetu tutajibu upesi: shamba, nyumba, mikarafuu. Basi na tuitazame ardhi hii hii tuliyoikalia.

Karafuu zilipoletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, Saleh bin Haramil Al-Abry alizipanda Mtoni na hapa Kizimbani. Baadaye Sayyid Said bin Sultan akayatwaa mashamba yake. Sayyid Said naye alifariki baharini mwaka 1856, na hamamu yake ya hapa Kizimbani leo ni magofu ya kutazamwa na wageni. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, miti ambayo humchukua mkulima miaka sita au zaidi kuingojea izae. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya Serikali, na watu wengi wakagawiwa eka tatu tatu. Shamba ni neema, lakini halina ahadi na mtu.

Marehemu baba yangu hakuniachia mali ya kutajika. Aliniachia jioni moja.

Nilikuwa na umri wa miaka 12. Msimu wa karafuu ule alinipa kazi ya kuwapimia wachumaji, waliokuwa wakilipwa kwa pishi. Mimi nikaona ujanja: nikawa nalitikisa pishi na kulishindilia, ili ziingie nyingi na mchumaji ahesabiwe chache. Jioni nikamweleza baba kwa fahari. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliwasha kandili, akachukua fedha zake, tukaenda nyumba kwa nyumba. Kila mlango yeye alilipa, na mimi nilitakiwa niseme kwa ulimi wangu nililolifanya. Bibi mmoja alicheka, akanisamehe. Mwengine alipokea haki yake, akafunga mlango bila ya kunijibu. Siku nyingi baada ya hapo tulikula muhogo bila ya kitoweo. Lakini mlango ule uliofungwa ndio uliokuwa chuo changu.

Ndugu zangu, nakiri mbele yenu kwamba urithi huo nilikaribia kuupoteza. Kibarua aliyenilimia alinipigia simu akitaka ujira wake. Nami nimekaa barazani kwangu, nikamjibu: "Niko Darajani, nitakutafuta kesho." Mwanangu mdogo alikuwa pembeni. Akaniuliza: "Baba, hapa ndipo Darajani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwona baba na kandili lake. Nikamshika mtoto mkono, tukaenda kwa yule bwana usiku ule ule. Nikamlipa, nikamwomba radhi, na mwanangu akisikia.

Katika Sura inayoitwa kwa jina lake, Luqman anamuusia mwanawe asimshirikishe Mwenyezi Mungu, asimamishe Sala, awe na subira, asitembee kwa majivuno. Na anamfahamisha kuwa jambo hata likiwa na uzito wa chembe ya hardali, Allah atalileta. Usia huo mwana huusadiki pale anapomwona baba mwenyewe akiuogopa uzito wa chembe hiyo.

Kwa hiyo, enyi akina baba, tulipe madeni yetu na watoto wetu wakiona. Tukiwaita kusali, wao watukute tumekwisha tia udhu. Tukikosea, tuseme tumekosea. Heshima ya baba haipungui kwa kukiri, hupungua kwa uongo aliokwisha ujua mtoto. Na wale ambao baba zao wametangulia, tuwaombee dua, kwani Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtoto mwema anayemwombea mzazi wake ni katika mambo yanayomfaa mtu baada ya kufa.

Ewe Mola wetu, warehemu wazee wetu, tusamehe tulipopunguza vipimo vyetu, na utujaalie watoto wetu waone kwetu jambo linalostahiki kurithiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.