Paka na Vifaranga

Leo tusome habari ya paka na kuku.

Wilayani Kilosa watu wengi hufuga paka ili panya wasile mahindi ghalani. Lakini paka huyo huyo akizurura uani kwa jirani hukamata vifaranga. Kuku mkubwa si rahisi kwake. Basi mkikuta mtetea ameuawa usiku, msimlaumu upesi paka wa jirani. Huko Mikumi, karibu na Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, wako kanu, kicheche na paka-mwitu, nao wote hula kuku.

Vifaranga wafunikeni pamoja na mama yao katika tenga lililosukwa kwa kubanana. Wapeni chakula na maji humo. Juu wekeni jiwe zito, maana paka ana akili ya kusukuma. Usiku kuku wote walale katika banda lililoinuliwa juu ya nguzo, kiasi cha mita moja. Kila nguzo izungushieni bati, makucha yateleze. Fungeni mlango kabla ya giza.

Wengine hutega nyama yenye sumu. Hilo nalikataa kabisa. Mtoto aweza kuiokota. Na paka akifa, panya watarudi ghalani.

Sasa chukueni daftari, mwandike: tenga, nguzo, bati.