Maji Tunayokunywa na Maji Tunayomwaga
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Lamu)



Tumeombwa tuseme machache juu ya maji machafu. Twajua ya kuwa si habari ya kupendeza masikio baada ya chai. Lakini kwa kuwa wengi wetu tumeletwa hapa kwa kazi, nasi twakaa katika nyumba ambazo hatukuzijenga, yatupasa kujua maji tuyamwagayo yaenda wapi.

Kisiwa hiki hakina mto. Mvua inyeshayo, na zaidi ile iangukayo juu ya vilima vya mchanga vya Shela, huzama ikakaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya ardhi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Hesabu yake ni hii: kila futi 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina futi 40 hivi chini yake. Basi tukiteka kwa pupa hata futi ile 1 ikapotea, hatimaye chumvi hupanda mahali pa zile 40. Visima vilivyogeuka chumvi havikurogwa.

Wenyeji wa kale walikuwa na adabu ya maji. Katika nyumba za mawe yaliwekwa birikani, na humo wakatia samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Mtu alichota kwa kata, akaoga, akaacha. Maji yaliyoingia katika shimo la choo yalikuwa haba. Siku hizi choo cha kuvuta humwaga galoni nzima au zaidi kila mara, nayo yote huenda karoni.

Hapa ndipo penye kosa letu. Twadhani karo husafisha. Karo hutenga tu: mazito hutua chini, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka kwenda shimo la kunyonya, yangali yamejaa vijidudu. Kisafishacho ni mchanga, nao husafisha ukiwa mkavu, wenye hewa ndani yake. Shimo likichimbwa hata kufikia maji, au likiwa katika mwamba wa matumbawe wenye nyufa, hakuna kilichosafishwa.

Sisi wenyewe, katika nyumba moja tuliyopewa, tulipima toka shimo hadi kisima cha jirani: hatua 11. Jirani huyo ni bibi mwenye wajukuu, naye hutuletea mahamri kila Ijumaa. Wataalamu hutaka futi 50 hata 100, na penye nyufa hata hizo huenda zisitoshe. Tuliwaandikia wenye nyumba mara tatu. Tukajibiwa ya kuwa karo lafanya kazi, maana yake halijafurika.

Wako wasemao, yapelekwe yote baharini kwa bomba. Lakini pwani ndipo wavuvi wapatapo riziki, na mikoko haikuumbwa iwe jalala. Huko Shimo la Tewa, karibu na Mombasa, gereza lilijengewa kinamasi cha mimea na kokoto kisafishe maji kabla hayajafika katika hori ya Mtwapa. Kazi kama hiyo yataka uwanja, nao haupo katika vichochoro vya mji huu ambamo hata lori la kunyonya karo haliwezi kupita. Penye punda wawili wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Nje ya mji uwanja upo, na jambo hilo lafaa kuandikiwa barua.

Kwa sasa, maji ya kuogea yatengwe na ya choo, yapewe migomba; nalo karo litolewe tope kabla halijapita kwenda shimoni.

Twaomba kila mwanachama ampelekee Katibu, kabla ya mkutano ujao, hesabu ya hatua toka shimo lake hadi kisima kilicho karibu, kiwe chake au cha jirani. Karatasi yetu, ya hatua 11, tumekwisha kumpa.