Sanduku la Spana la Chama

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama, Lusewa)



Nimeombwa nizungumze juu ya hesabu. Nitaanzia mahali ambapo fedha za vyama huvuja pole pole: gari lililolala kwa kukosa spana.

Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilikuta hati ya malipo ya kumleta fundi kutoka mjini. Kazi yake ilikuwa kusafisha vichwa vya betri vilivyoota ukungu na kukaza nati zake. Spana moja namba 10 ilitosha. Hata hivyo gari lilikwisha kulala siku tatu, na mbaazi za wanachama zilikuwa juu yake. Mwaka uliofuata chama hicho kilinunua sanduku kubwa la vifaa, linalong'aa. Nilipolikagua, nusu ya vifaa havikuwa na nati ya kufungua katika gari lile, na jeki haikuwamo. Makosa yote mawili yalilipwa na mkulima.

Kwa hiyo, msianzie dukani. Kaeni na dereva, mwandike kazi ambazo asiye fundi aweza kuzifanya: kubadili gurudumu, kumwaga oili na kubadili chujio lake, kusafisha betri, kubadili plagi, kukaza fanibelti. Kisha pimeni nati ya kila kazi. Magari mengi ya Kijapani hutumia milimita, na namba zinazorudi mara nyingi ni 8, 10, 12, 14, 17 na 19; nati za magurudumu mara nyingi ni 21. Land Rover nyingi za zamani zina nati za inchi. Ukilazimisha spana ya milimita hapo, utakula kona za nati.

Orodha ya kuanzia ni fupi: spana za namba hizo, zenye mdomo upande mmoja na pete upande wa pili, soketi chache na mkono wake, bisibisi bapa na za nyota, plaizi, nyundo, spana ya magurudumu, kipimo cha upepo, na kipimo cha umeme. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma takriban 12.6. Chagueni soketi za pembe sita, kwa kuwa huishika nati vizuri kuliko zile za pembe kumi na mbili. Spana ya kurekebika, ambayo mafundi huiita spana malaya, isiwe tegemeo lenu, maana huteleza.

Karai la kumwagia oili na faneli ya dumu lililokatwa vyatosha. Hapo bana matumizi. Lakini msitafute rahisi katika jeki na stendi za chuma za kulishikilia gari. Jeki huinua tu, haikabidhiwi roho ya mtu. Legezeni nati za gurudumu kabla ya kuinua, wekeni vigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, wala mtu yeyote asiingie chini ya gari lisilo juu ya stendi. Breki na usukani mwachieni fundi.

Fedha zikiwa chache, nunueni kwa awamu. Kwanza vya gurudumu na usalama, pili vya betri na oili, kisha vingine kadiri kazi inavyodai. Haba na haba hujaza kibaba. Ila kila awamu iwemo katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, na stakabadhi ihifadhiwe.

Mwisho ni utunzaji. Kila kifaa kipakwe rangi ya chama na kiandikwe katika daftari la mali. Anayeazima atie sahihi, hata akiwa mwenyekiti. Katibu ahesabu sanduku kila mwisho wa mwezi, akiwa na dereva. Spana namba 10 ni ndogo na hupotea upesi. Ikikosekana wakati wa mvua, aliye Lusewa ataifuata Namtumbo au Songea, na mazao yatamsubiri barabarani.

Ndugu zangu, nitakapokuja tena kukagua, nitaomba daftari la fedha kama kawaida. Baada yake nitaomba sanduku lifunguliwe.