Ua Linaloliwa Kabla ya Kuchanua

Msikilizaji, Pantelleria ni kisiwa cha Italia kilicho karibu zaidi na Tunisia kuliko Sicily. Huko, katika nyufa za mawe ya volkano, hutambaa mmea usio na miiba; wenyewe huuita cappero. Ua lake jeupe, lenye nyuzi za zambarau ndefu kama sharubu za paka, halimalizi siku mbili. Lakini wachumaji hawalisubiri. Alfajiri wameshainama, wanachuma vitumba vidogo kama punje za mbaazi, kimoja kimoja, kisha huvitia chumvi ya bahari. Tangu 1996 jina la cappero ya Pantelleria linalindwa na Umoja wa Ulaya. Wanaolalamikia bei, nadhani, hawajawahi kuinama juani mwezi Julai.