Shida Anatafuta Nyumba

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Mwanza)

Haya, sogeeni tuongee.

Leo sianzi na Ukimwi wala malaria. Naanza na mbwa. Namwona anayecheka kule nyuma. Cheka tu, lakini nisikilize.

Mbwa mwenyewe ni jike, anaitwa Shida. Nilimkuta Igoma, kwenye ua wa watu waliokwisha kuhama, amefungwa kwa waya kwenye mpapai. Waya umemkata shingo, mbavu unazihesabu. Watoto wa jirani wanamrushia mawe, eti ni mkali. Wewe ungefungwa hivyo ungekuwa mpole?

Sikumgusa. Shika hilo: mbwa usiyemjua, tena mwenye maumivu, humsogelei. Nilimfuata afisa mifugo. Alikuja na mwenzake, wakamfungua, wakatibu kidonda na kumchanja chanjo ya kichaa cha mbwa. Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza! Atakaa kwa nani? Mimi nimepanga chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki mbwa.

Wa kwanza kumtaka alikuwa kijana wa kidato cha tatu. Nikamuuliza, "Unampenda?" Akajibu, "Sana, dada." Basi, nikampa. Siku ya nne mdogo wake wa miaka mitano alimfuata Shida akiwa anakula. Akang'atwa mkononi. Jeraha dogo tu, kama mkwaruzo.

Bibi akaleta mafuta ya taa apake. Yule kijana akakataa, kwa heshima lakini akakataa. Akamwosha mdogo wake kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha wakaenda hospitali palepale. Hongera zake! Virusi vya kichaa cha mbwa vimo kwenye mate, na dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini chanjo ikiwahi, inaokoa. Mwaka 1885 huko Ufaransa, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona.

Utasema, si Shida alikuwa amechanjwa? Ndiyo, lakini juzijuzi tu, na hakuna aliyejua maisha yake ya nyuma. Kwa hiyo mtoto alichomwa sindano zote alizopangiwa, na Shida akachungwa siku 10. Alibaki mzima. Hata hivyo baba wa nyumba alisema, "Kesho nisimkute hapa. La sivyo, auawe."

Jamani, kosa halikuwa la mbwa, wala la mtoto. Lilikuwa langu. Niliuliza, "Unampenda?" wakati swali lilikuwa, "Una muda?"

Safari hii nilitafuta polepole. Nikampata mzee mmoja Nyegezi, mlinzi mstaafu, anaishi na mkewe, hawana watoto wadogo. Kabla sijamuuliza, yeye ndiye aliyeniuliza: anaogopa nini? Analala wapi? Jina nikamwambia tubadilishe, maana lina mkosi. Akasema, "Mwache nalo, mwanangu. Ndilo pekee analolijua."

Kila siku saa ileile alimwekea ugali na dagaa, kisha akakaa kwenye kigoda, amempa mgongo, anasoma gazeti. Hakumwita wala hakumkazia macho. Siku tisa Shida hakutoka bandani. Wiki ya tatu alikuja taratibu, akanusa kandambili ya mzee. Mzee hakugeuka. Akaendelea kusoma.

Hiyo ndiyo subira, vijana. Si maneno matamu.

Sasa wewe, kabla hujasema "nipeni mimi", jiulize:

- Wakubwa wa nyumbani wamekubali? Kuna nyumba ambazo kwa imani yao hawakai na mbwa. Waheshimu.
- Wiki ya mitihani nani atamlisha?
- Kuna mtoto mdogo? Nani atamzuia asimsumbue mbwa anapokula au kulala?
- Nani atampeleka kuchanjwa, mwaka huu na mwaka ujao?
- Uko tayari kukaa mwezi mzima bila kutikisiwa mkia?

Kama jibu moja tu ni "sijui", usimchukue. Kukataa nako ni kumsaidia. Na ukiona mnyama anateswa, mwambie mtu mzima au afisa mifugo. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Si jambo la kuchekea.

Yule kijana? Jumamosi huenda Nyegezi. Anakaa kando ya mzee, kimya. Jumamosi iliyopita Shida alijilaza karibu na miguu yake, naye hakunyoosha mkono kumgusa. Mdogo wake ana kovu, na ni mzima kabisa.

Haya, nani ana swali? Wewe uliyekuwa unacheka, anza.